Dume wa Shorthorn: majike 28, mimba 11. Anayefuata nimchague vipi?

#1 Zizi_la_Kati
Wakuu, habari za leo.

Nafuga ng'ombe wa Shorthorn wa nyama, kundi dogo tu. Mwaka jana nilinunua dume wa roani, nywele nyekundu na nyeupe zimechanganyika mwili mzima, miezi 15. Mgongo umenyooka, mapaja yamejaa, karatasi za nasaba zinafika hadi kwa babu wa babu. Kila aliyepita zizini alimsifu. Nikamwachia majike 28 kuanzia tarehe 1 Aprili hadi 30 Juni. Katikati ya Agosti mpimaji akaingiza mkono, mimba 11. Kumi na moja!

Tangu siku hiyo nina msimamo wangu: dume mzuri wa sura ndiye dume mbaya. Bishaneni nami.

Sasa nataka mwingine, nimebaki na wawili.

A: mwekundu mtupu, miaka miwili na nusu, mzunguko wa mfuko wa korodani sentimita 37. Mama yake ana miaka 11 na bado anazaa kila mwaka. Kasoro yake, kipimo cha jeni kinasema anabeba TH, ugonjwa wa kurithi.

B: roani, miezi 14, sentimita 31, habebi TH, namba zake za ukuaji ziko juu sana. Alizaliwa na kilo 46.

Nani? Na yule wa kwanza nilikosea wapi?

#2 Mpita_Njia
Nimekaa siti ya mbele.

#3 Dokta_Kwato
Tuwaache A na B kwanza. Yule wa mwaka jana alipimwa uzazi kabla ya kuingia kundini?

#4 Zizi_la_Kati
Alipimwa, daktari. Muuzaji aliniambia sentimita 34.

#5 Dokta_Kwato
Huo ni utepe, mkuu, sio kipimo. Utepe ni hatua ya mwanzo tu, na hata hapo alifaulu vizuri: dume wa mpaka miezi 15 anatakiwa afikishe angalau 30, na akishavuka miaka miwili angalau 34. Baada ya utepe unazishika korodani zenyewe, moja moja. Ziwe na ugumu wa msuli uliokazwa, ziteleze ndani ya mfuko, zisipishane sana ukubwa. Kisha unapima tezi za ndani kwa mkono, unakagua uume wote ukiwa nje, halafu shahawa zinakwenda chini ya hadubini. Mbegu zinazosonga mbele zisipungue asilimia 30, zenye umbo zima zisipungue 70. Wengi wanaangukia kwenye hiyo 70. Mbegu zinakimbia vizuri kabisa huku nusu yake vichwa vimekatika na mikia imepinda.

Na hata akifaulu yote hayo, hujaambiwa kama ana hamu ya kupanda. Hiyo unaijua kwa kumwona akiwa na jike mwenye joto.

#6 Bi_Mitamba
Ngojeni. Miezi 15, majike 28? Kanuni ya wafugaji ni jike mmoja kwa kila mwezi wa umri wake. Miezi 15, majike 15. Ishirini na tano hadi thelathini ni kazi ya dume aliyekomaa.

Hapo hukununua dume, mkuu, uliajiri mtoto.

#7 Kijana_wa_Nyasi
Bi_Mitamba kasema kweli lakini mimi namtuhumu mtu mwingine: lishe. Huo "mgongo ulionyooka na mapaja yaliyojaa" wa kwenye #1 ni mafuta. Nilipata mmoja wa hivyo, amelishwa nafaka tangu aachishwe kunyonya ili apendeze siku ya kuuzwa. Nikamtoa banda kavu nikamwingiza malishoni, ndani ya miezi miwili mifupa ya kiuno inahesabika. Alikuwa anamfuata jike hatua kumi halafu analala.

Mafuta yenyewe yana ubaya mwingine. Yanajaa kwenye shingo ya mfuko, pale juu ya korodani, na zile korodani zinatakiwa ziwe na ubaridi wa nyuzi 2 hadi 6 chini ya joto la mwili. Ukiona mfuko hauna shingo, umenyooka kama soksi iliyojazwa, kaa mbali.

#8 Zizi_la_Kati
Kijana, umenikumbusha. Alipofika alikuwa anachechemea mguu wa nyuma, kama wiki moja hivi. Nikampa sindano, akapona.

#9 Dokta_Kwato
Na hukusema kwenye #1?!

Alichechemea lini? Alikuwa na homa?

#10 Zizi_la_Kati
Katikati ya Machi. Homa ilikuwepo, ndiyo.

#11 Dokta_Kwato
Basi sikiliza. Mbegu moja inatengenezwa kwa siku kama 60, na ukiongeza safari ya kukomaa kwenye mirija inapita 70. Homa ya Machi inaharibu mbegu za Aprili na Mei. Dume anarudia kula, anarudia kupanda, kwa macho ni mzima kabisa, kumbe anamwaga maji. Hata kama angepimwa Februari akafaulu, cheti hicho hakina kazi tena Aprili.

#12 Mzee_Nasaba
Vijana, mnazungumza habari za Shorthorn kama vile wamezaliwa jana. Dume mzuri wa sura ndiye aliyeijenga mbari hii. Ndugu Colling wa kule Durham, kaskazini mashariki mwa Uingereza, walikuwa na dume aitwaye Comet, aliyezaliwa 1804. Mwaka 1810 akauzwa pauni 1,000, dume wa kwanza kufikia bei hiyo. Mwaka 1822 George Coates akatoa kitabu cha nasaba ya mbari hii, na wafugaji wa mbari nyingine wakaiga baadaye. Watu wale hawakuwa na hadubini. Walikuwa na macho.

#13 Hesabu_Tupu
Shikamoo mzee. Sahihisho dogo: ni gini 1,000, sio pauni. Gini moja ilikuwa shilingi 21 za Kiingereza, kwa hiyo ni pauni 1,050.

Halafu tazama alivyozaliwa huyo Comet. Baba yake ni Favourite. Mama yake ni Young Phoenix, binti wa Favourite huyohuyo, na huyo binti alizaliwa na Phoenix, ambaye ni mama mzazi wa Favourite. Yaani dume alipanda mama yake, akapata binti, akampanda na binti.

#14 Mpita_Njia
Nimesoma #13 mara tatu, bado natafuta nani shemeji wa nani.

#15 Mzee_Nasaba
Marahaba, Hesabu. Gini, umenisahihisha vema. Na kwa kuwa umeligusa jambo la kuzaliana ndani kwa ndani, tuseme na upande wake wa pili. Ukoo wa Duchess uliojengwa na Thomas Bates ulipendwa mpaka watu wakapagawa. Mwaka 1873 huko New York Mills, Marekani, jike mmoja wa ukoo huo aliuzwa dola 40,600. Hapo ukoo wenyewe umeshabanwa kiasi kwamba majike wengi hawashiki mimba. Watu walinunua karatasi. Wakati huohuo Uskoti alikuwepo Amos Cruickshank, mkulima mtulivu, yeye alichagua kwa nyama na uimara, na Shorthorn wengi wa nyama wa leo wanarudi kwake.

Kwa hiyo mleta uzi, msimamo wako una nusu ya ukweli. Sura haina hatia. Karatasi bila ndama ndiyo yenye hatia.

#16 Bi_Mitamba
Mzee ahsante. Turudi kwa A na B kabla uzi haujawa darasa la historia.

Mimi namchukua A. Mama wa miaka 11 anayezaa kila mwaka ni cheti kuliko cheti chochote. Kamwangalie huyo mama kiwele, chuchu, kwato. Mabinti wa A watafanana naye.

#17 Fundi_Boma
A anabeba TH! Robo ya ndama wako wote watakufa. Usiguse.

#18 Hesabu_Tupu
Fundi, hapana. Robo ni pale dume mbebaji anapompanda jike mbebaji. Akimpanda jike asiyebeba, hafi ndama hata mmoja kwa TH. Nusu yao wanazaliwa wabebaji tu, wazima kwa macho. Swali la kumuuliza mleta uzi ni moja: majike wako wamepimwa?

#19 Zizi_la_Kati
Hawajapimwa hata mmoja. Naomba mniambie TH yenyewe ni nini hasa, maana niliambiwa tu ni mbaya.

#20 Dokta_Kwato
Ndama anazaliwa mfupa wa muundi haupo au umefupika, miguu ya nyuma imepinda, mara nyingi tumbo halijafunga na fuvu vilevile. Anakufa au unalazimika kumuua. Ukishaona mmoja hutasahau. Ipo na PHA: mapafu hayakui, ndama anajaa maji mpaka anakuwa mzigo, na anaweza kumuua mama wakati wa kuzaa. Zote mbili zinapimwa kwa nywele za mkia zenye mizizi. Muulize mwenye B kuhusu PHA pia. Umeandika "habebi TH", hujaandika kitu kingine.

#21 Kijana_wa_Nyasi
Kama majike wako hawabebi, na kila ndama wa kike wa A atauzwa kwa nyama, TH yake inakuhusu nini? Inakuhusu ukibakiza mitamba.

#22 Bi_Mitamba
Sasa kama habakizi mitamba, ile sifa ya mama wa miaka 11 ina faida gani? Hapo umenimaliza mwenyewe kwa hoja yangu 😂

Bado sibadilishi. Pima mabinti wake wakiwa wadogo, bakiza wasiobeba. Nusu wanatosha.

#23 Fundi_Boma
Sawa, hesabu nimekubali. Ila jeni hainisumbui kama miguu inavyonisumbua, na hakuna aliyeigusa. Mimi dume simwangalii akiwa amesimama. Mtu aliyezoea kuuza anajua kumsimamisha: miguu ya mbele juu kidogo, kichwa kimeinuliwa, mgongo unanyooka wenyewe. Mwambie amwachie atembee mbali nawe, kisha arudi, kisha apite ubavuni. Kwato ya nyuma ikanyage pale ya mbele ilipotoka au karibu sana. Ikiangukia nyuma, ana hatua fupi, na hatua fupi ni maumivu au ni goti la nyuma lililonyooka kupita kiasi. Huyo wa goti lililonyooka ndiye hatari, maana akipanda hana chemchemi, uzito wote unagonga kiungo. Yule wa goti lililopinda kama mundu naye anaota kwato ndefu. Halafu inama utazame kwato zenyewe: vidole viwili vilingane, visipishane kama mkasi, na kisigino kiwe na kina. Nilipata mmoja mweupe, namba zake tamu, kidole cha nje kimejikunja. Msimu wa pili alikuwa anapanda jike mmoja kwa siku halafu anapumzika siku tatu.

Weupe tena... tuache hiyo.

#24 Zizi_la_Kati
Hapana, usiache! Katika wale 28 nilikuwa na mitamba 7, na 4 kati yao weupe. Hawakushika hata mmoja wa wale weupe.

#25 Dokta_Kwato
Huyu mleta uzi anatoa ushahidi kwa kijiko.

Shorthorn wana ugonjwa unaojulikana kabisa kama ugonjwa wa mtamba mweupe. Sehemu ya njia ya uzazi haikuumbika: kizinda kimefunga kabisa, au shingo ya kizazi haipo, au pembe ya kizazi imekatika katikati. Ovari ni nzima, kwa hiyo anaingia joto kama kawaida na unamlaumu dume. Sio kila mtamba mweupe anao, wengi ni wazima. Hao wanne wapimwe kwa mkono.

#26 Kijana_wa_Nyasi
Kwa hiyo asinunue roani kabisa. Roani kwa roani huzaa roani tu na weupe.

#27 Hesabu_Tupu
Roani kwa roani: robo wekundu, nusu roani, robo weupe. Roani kwa mwekundu: nusu kwa nusu, mweupe hatoki. Mweupe kwa mwekundu: wote roani. Asiyetaka weupe achukue dume mwekundu. Kura yangu kwa A, kwa sababu ya rangi tu, mtanisamehe.

#28 Dokta_Kwato
Mleta uzi, swali ambalo ningeuliza mwanzo kabisa. Zile mimba 11 zilikuwa na umri gani?

#29 Zizi_la_Kati
Mpimaji aliandika: mbili za zaidi ya miezi mitatu, tisa za miezi miwili hivi.

#30 Dokta_Kwato
Tisa zimeingia Juni! Ndiyo homa hiyo. Aprili na Mei mbegu mbovu, Juni mbegu mpya. Kesi imefungwa.

#31 Bi_Mitamba
Haijafungwa, daktari. Jike aliyezaa karibuni akiwa amekonda haingii joto mpaka apate mwili. Kama majike walizaa Februari na Machi na nyasi zilichelewa, Juni ndipo walipoanza. Dume angekuwa mzima kama chuma, matokeo yangekuwa yaleyale. Walikuwa na hali gani?

#32 Zizi_la_Kati
Mbavu zilionekana. Sio wote.

#33 Fundi_Boma
Na mimi naongeza la tatu: vibrio, ugonjwa wa kuambukizana kwa kupandana. Dume anaipata kwa jike mmoja, anaigawa kundi zima. Jike anashika, kijusi kinakufa kikiwa kidogo, anarudi joto kwa siku zisizoeleweka. Baada ya miezi michache mwili wake unajenga kinga, anashika. Unaona mimba zinavyojazana mwishoni? Picha ileile. Dume mwenyewe haonyeshi dalili yoyote. Mchukueni sampuli ya govi.

#34 Zizi_la_Kati
Nilishamchinja Septemba.

#35 Mpita_Njia
😂😂😂 Mtuhumiwa amenyongwa, upelelezi unaendelea.

#36 Mzee_Nasaba
Kabla hujafunga jalada la marehemu: ndama wameshaanza kuzaliwa? Nao ni mashahidi.

#37 Zizi_la_Kati
Shikamoo mzee. Wamezaliwa saba. Wawili Januari, wanne mwisho wa Machi, mmoja tarehe 12 Aprili, wiki hii. Hakuna aliyezaa kwa shida, hilo nashukuru. Wazuri sana, na tena watatu wa Machi hawana hata dalili ya pembe, utosi laini kabisa. Nimefurahi, sitachoma pembe.

#38 Hesabu_Tupu
Subiri kwanza. Dume wako alikuwa na pembe?

#39 Zizi_la_Kati
Alikuwa nazo. Fupi, nzuri, zimeinama mbele. Si ndiyo jina la mbari, "pembe fupi".

#40 Hesabu_Tupu
Jeni ya kutokuwa na pembe inatawala. Mwenye pembe hana hata nakala moja ya jeni hiyo, kwa hiyo hawezi kuitoa. Dume mwenye pembe na jike mwenye pembe hawazai ndama asiye na pembe. Kama watatu ni laini kweli, wameipata kwa mama, au baba ni mwingine.

#41 Mpita_Njia
Eeeeh! Narudi siti ya mbele, nilikuwa nimeshasimama.

#42 Bi_Mitamba
Tarehe nazo. Mimba ya ng'ombe ni siku kama 283. Ndama wa 12 Aprili, rudisha siku 283, unafika 3 Julai. Dume uliondoa 30 Juni.

#43 Dokta_Kwato
Siku tatu si kitu, mimba inazidi au kupungua wiki na zaidi. Hiyo haimhukumu mtu. Pembe ndizo zinazosema. Mleta uzi, jirani yako ana dume?

#44 Zizi_la_Kati
Anaye. Hana pembe. Na uzio wa upande ule ulianguka mwezi wa sita, nikautengeneza baada ya siku chache.

Mungu wangu.

#45 Kijana_wa_Nyasi
Basi yule wako pengine hakuzalisha zaidi ya wale wawili wa Januari. Homa ya Dokta, mafuta yangu, utoto wa Bi_Mitamba, vyote viko hai.

#46 Fundi_Boma
Na vibrio. Dume mgeni msafi akiingia Juni kwa majike walioanza kupata kinga, watashika haohao.

#47 Hesabu_Tupu
Kuna mlango mmoja haujafungwa. Majike wote 28 wana pembe?

#48 Zizi_la_Kati
Watano niliwanunua wakubwa, hawana. Aliyeniuzia alisema walichomwa utotoni.

#49 Hesabu_Tupu
"Alisema." Kama alivyosema yule wa sentimita 34. Jike aliyechomwa ni mwenye pembe kijeni. Jike aliyezaliwa hivyo ni kitu kingine, na anaweza kumpa ndama utosi laini bila jirani kuhusika. Pasa vichwa vyao, aliyechomwa mara nyingi ana kovu. Mama wa hao watatu ni akina nani?

#50 Zizi_la_Kati
Nimetoka zizini sasa hivi. Wawili mama zao ni kati ya wale watano, na kovu silioni vizuri, nywele nyingi. Wa tatu anamnyonya kila jike anayesimama, na yule ninayedhani ni mama yake hereni imedondoka.

#51 Mzee_Nasaba
Mwanangu, usinunue A wala B kabla hujanunua daftari.

#52 Bi_Mitamba
Mzee kapiga penyewe. Lakini nikulazimishe kujibu: ukimchukua A au B, utaacha majike wangapi naye?

#53 Zizi_la_Kati
A, 25. B, 14. Nimejifunza. Na atafika siku 60 kabla ya kazi, apimwe tena hapa. Na uzio.

#54 Fundi_Boma
B kwa kilo 46 za kuzaliwa usimweke kwa mitamba hata kwa dawa, watazaa kwa shida.

#55 Kijana_wa_Nyasi
Kilo zake mwenyewe zinadanganya, Fundi. Pengine mama yake alilishwa vizuri mno. Tazama makadirio yake ya uzito wa kuzaliwa kwa ndama, yanachanganya na ndugu zake wote. Na kwa dume wa miezi 14 uhakika wa makadirio hayo bado mdogo, kwa hiyo hata zile namba za ukuaji zinaweza kushuka akishapata ndama.

#56 Fundi_Boma
Ndiyo maana nasema usimweke kwa mitamba.

#57 Dokta_Kwato
Kuhusu baba wa ndama, njia ipo. Nywele za mkia za ndama zenye mizizi, za mama, na za jirani akikubali. Kwa marehemu ingebidi kipande cha mwili wake. Kuna chochote kilichobaki? Sikio, ngozi mbichi?

#58 Zizi_la_Kati
Ngozi ipo. Ila ilishatengenezwa, iko sebuleni, ni zulia.

#59 Dokta_Kwato
Ikishapita kwenye dawa za kulainishia ngozi nafasi ni ndogo sana. Ila jaribu, ng'oa nywele chache upande wa mkia, uone kama zinatoka na mizizi.

#60 Zizi_la_Kati
Mke wangu ameusoma uzi huu wote kuanzia #1. Anasema zulia lisiguswe.